Goti la Mama Yako na Neno Nililokusingizia

Isiolo, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Nasra wangu,

Umetoka na shangazi yako Maryam kwenda kuaga watu wa mtaa wa Chechelesi, na najua hamtarudi upesi, kwa sababu kila nyumba itawakalisha chini na kuwawekea chai. Mambo ya koti la baridi, ya dawa ya kifua, ya kupiga simu ukishuka ndege, shangazi yako amekwisha kuyasema mara tatu na sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka mitatu, na kesho ukiondoka bila kulijua nitakuwa nimekudhulumu mara ya pili.

Nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Dereva wa lori hajazoea kukata kona ghafla.

Unajua maisha yangu ya barabarani. Kabla lami haijafika Moyale, mama yako alikuwa akinipigia simu kila mtandao ukipatikana. "Umefika wapi?" Nami nimekwama kwenye matope upande huu wa Marsabit, ekseli imekatika, turnboi, msaidizi wangu wa lori, amekwenda kutafuta msaada kwa miguu, nasema, "Nimefika, Safia. Niko hotelini nakula." Sikuona kwamba huo ni uongo. Niliuita huruma. Kwa nini mtu mwingine akose usingizi kwa sababu ya ekseli? Siku moja niliporudi alinipakulia wali, akaniuliza bila kunitazama, "Siku ile uliyosema uko hotelini unakula, mbona nilisikia fisi?" Tukacheka mpaka akashika mbavu. Laiti asingecheka. Laiti angeinyanyua sahani ile akairudisha jikoni. Lakini mama yako alikuwa mwepesi wa kusamehe, nami nikauchukua wepesi wake kuwa ruhusa.

Sasa habari ya goti.

Mama yako aliuza maziwa ya ngamia zaidi ya miaka ishirini. Mitungi ilikuwa ikifika asubuhi kutoka upande wa Ngaremara, naye anainama, ananyanyua, anainama tena, kisha anakaa kwenye kigoda kifupi mpaka adhuhuri. Magoti yalianza kulalamika polepole. Kwanza ilikuwa ngazi, halafu kuinuka kitini. Mwisho ikafika siku hakuweza kusujudu. Nikamnunulia kiti cha plastiki cha kuswalia, nikaona nimefanya la maana. Siku ya kwanza alipokitumia, baada ya kutoa salamu alibaki pale pale ameelekea kibla, machozi yanamtoka bila sauti.

Nikamuuliza, "Yanauma sana?"

"Siyo maumivu, Abdi. Nataka tu kuweka uso wangu chini. Hata rakaa moja."

Nakuambia hili ili ujue nilianzia wapi. Silitoi kuwa kisingizio. Mtu anaweza kuanza na kitu safi kama hicho na bado akafika nilikofika.

Daktari wa mifupa alituonyesha picha. Akasema kati ya mifupa ya goti kuna gegedu, kitu laini kinachozuia mfupa usisage mfupa, na ya mama yako upande wa ndani ilikuwa imekwisha. Akasema ikishaisha haioti tena. Akaandika dawa ya maumivu, akamtuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwambia apunguze uzito na kazi ya kuinama, na huko mbele, ikibidi, goti linaweza kubadilishwa kwa upasuaji. Alitwambia ukweli wote bila kuupamba, na mimi nikamchukia kwa ajili hiyo hiyo.

Mama yako akaanza mazoezi. Na hili sijawahi kukuambia: yalikuwa yanamsaidia. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, mfuko wa mchele umefungwa kwenye kifundo cha mguu, ananyoosha goti huku akihesabu kwa Kisomali, kow, laba, saddex, na akifika kumi ananitazama kama mtoto aliyeshinda mbio za shule. Baada ya miezi miwili alikuwa anakwenda dukani na kurudi bila kusimama njiani. Kusujudu bado, lakini alikuwa anakwenda mbele kwa mwendo wake. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Ndipo mwenzangu mmoja wa malori aliponitumia video ya kliniki huko Nairobi. Mzee mmoja ndani ya video anatupa fimbo na kupanda ngazi. Wakasema wana tiba ya kuotesha gegedu upya. Sikulala nikiitazama, na Jumatatu iliyofuata nikamchukua mama yako tukaenda. Yeye alidhani tunakwenda kuuliza tu.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, safi, ina marashi kama msikiti siku ya Idi. Mtu mwenye nywele nyeupe na koti jeupe akatuchorea kwenye karatasi. Tunatoa mafuta kidogo tumboni mwa mama, akasema, ndani yake tunapata seli shina, na hizo tunazirudisha kwa sindano ndani ya goti. Seli zinajua kazi yake. Miezi mitatu, gegedu mpya.

Nikauliza, "Hakuna hatari?"

Akatabasamu. "Mzee, ni seli zake mwenyewe. Mwili wake utajidhuru vipi?"

Nilishuka chini kwenye maegesho nikakupigia simu. Ulikuwa mwaka wako wa tatu chuoni, na katika familia yetu wewe ndiwe ulikuwa umeyasoma mambo ya seli. Nadhani unakumbuka kila neno, lakini nitayaandika niliyoyasikia, ili ujue kwamba niliyasikia.

Ulisema, "Aabo, usiwape jibu leo. Waulize wameijaribu kwa watu wangapi, na nani aliyewakagua. Waombe karatasi."

"Daktari amesema ni seli zake mwenyewe."

"Kuwa zake si kuwa salama. Zinapita mikono ya nani? Chumba gani? Kutia kitu ndani ya goti si mchezo, aabo, vijidudu vikiingia humo ni balaa. Na hakuna aliyethibitisha kwamba inaotesha gegedu. Watu wanatafiti. Bado."

"Wewe umesoma miaka mitatu. Yule ana mvi."

Kisha ukasema kwa upole, na upole huo ndio unaoniumiza mpaka leo, "Basi ningojeeni. Mitihani inaisha baada ya wiki mbili. Nije nizungumze na hooyo mwenyewe, goti ni la mama."

Nikasema, "Sawa, tutakungoja."

Hayo unayajua, kwa kuwa ulikuwa upande wa pili wa simu. Unajua pia kwamba hatukungoja. Na wakati wote umeamini kwamba nilimfikishia mama yako maneno yako, naye akayapima, akaamua kunifuata mimi. Sivyo ilivyokuwa.

Nilipopanda ngazi nilimkuta mama yako amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Mbele yake palikuwa na fomu na kalamu. Alikuwa ameshawaambia hatatia sahihi.

Akaniuliza, "Ulikuwa unaongea na Nasra?"

"Ndiyo."

"Amesemaje?"

Nasra, kulikuwa na nafasi hapo. Pumzi moja tu, lakini ilikuwa nafasi. Nikamwona jinsi alivyokaa, mguu umenyooshwa mbele kwa sababu haukunjiki, nikakiona akilini kile kiti cha plastiki cha nyumbani.

"Amesema ni sawa."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Amesema sayansi imefika mbali siku hizi."

Uso wake ukafunguka. Akasema, "Kama Nasra amesema, basi bismillah." Akachukua kalamu. Alipomaliza kuandika jina lake akamgeukia mwuguzi aliyemletea fomu, akamwambia, "Binti yangu anasomea haya." Kwa fahari, Nasra. Mwuguzi akasema hongera.

Sasa nimeliandika. Nimeinuka nikanywa maji na nimerudi.

Kilichofuata unakijua vipande vipande. Siku ya nne baada ya sindano goti lilikuwa moto kama jiko, limevimba, ngozi inang'aa. Nikapiga simu kliniki. Wakasema ni kawaida, ni seli zinafanya kazi. Nikamwambia mama yako, "Ni seli zinafanya kazi." Siku mbili nzima nilirudia sentensi hiyo kama dua, huku akitetemeka chini ya mablanketi mawili adhuhuri ya Isiolo. Alipoanza kuchanganya maneno nikambeba garini. Hospitalini walilifungua goti wakaliosha, wakaliosha tena, lakini usaha ulikuwa umekwisha kuingia kwenye damu. Daktari kijana aliniuliza, "Mzee, mbona mlichelewa?" Nikamwambia gari lilikuwa bovu. Hata hapo, Nasra. Hata hapo.

Ulifika na kalamu za mtihani bado mfukoni. Siku ya pili alipata nafuu kidogo, akakutambua, akakushika mkono. Nilikuwa nimesimama upande wa miguu yake, nikamsikia akikuambia, "Usijilaumu, mwanangu. Ulisema ulichojua."

Ukanigeukia. "Aabo, anamaanisha nini?"

Nikasema, "Ni homa."

Haikuwa homa. Mama yako alikuwa na akili timamu kuliko sisi wote mle ndani. Alikuwa anakusamehe kosa ambalo hukulifanya, kosa nililokuvika mimi, na nikaitazama huruma yake ikimwendea mtu asiye na hatia, nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikisema atakufa akiwa ananichukia. Kwa hiyo nikamwacha afe akiwa anakusamehe wewe. Alfajiri ya siku ya tatu akaondoka, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemzika.

Sina namna ya kwenda kumwambia sasa. Hiyo ndiyo sehemu isiyofika mwisho. Nimekwenda kaburini mara nyingi nikalisema kwa sauti, na jibu ni upepo tu na mbuzi wa watu.

Baada ya hapo ulikuja nyumbani kama mgeni. Unasalimia, unafagia, unarudi Nairobi. Nilidhani unanichukia kwa sababu sikukungoja, na nikaona ni haki yangu. Sikujua unajichukia wewe. Nilijua tu mwaka jana, ulipokuwa unaomba nafasi hii ya utafiti huko Uholanzi, ukanisomea maombi yako, ukanitafsiria sebuleni sentensi kwa sentensi. Ukafika mahali ulipoandika kwamba mama yako kabla hajafariki alikuambia usijilaumu, nawe hujui alikuwa amekusamehe nini, ila unadhani aliona kwamba siku ile kwenye simu hukupiga kelele vya kutosha. Kwamba ulipaswa kupanda gari usiku ule ule na kuacha mitihani. Ukasoma, ukanitazama, ukasema, "Ni sawa hivi, aabo? Si nimezidisha?"

Nikasema, "Ni nzuri."

Nilitoka nje nikajifanya naangalia upepo wa magurudumu. Nilizunguka lori lile mara nne.

Halafu ikaja Idi. Ulinunua mguu wa mbuzi, na kabla hujaupika ulinipigia kelele nije jikoni. Ulikuwa umekifungua kiungo kwa kisu. Ukaniambia nitie kidole. "Hii nyeupe inayoteleza, aabo. Ndiyo gegedu." Nilikuwa sijawahi kuigusa. Ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Ukanieleza kwamba haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikichanika hakuna kitu cha kuja kuitengeneza, mwili unaiacha tu. Na huko uendako wanajaribu kuzikuza seli zake, kuzipa kitu cha kushikilia, na kuona kama zitakubali kuwa gegedu ya kweli, siyo kovu.

Nikakuuliza, "Na zitakubali?"

Ukasema, "Hatujui. Pengine itachukua miaka. Pengine haitakuwa hii, itakuwa njia nyingine."

Ulisema huku unakata kitunguu, bila aibu yoyote. Hatujui. Mimi nilisimama pale na kidole changu chenye mafuta, nikafikiria kwamba katika ghorofa ile ya tatu, kati ya watu wote waliozungumza nasi, na mimi nikiwa mmoja wao, hapakuwa na hata mmoja aliyetamka neno hilo. Aliyelitamka alikuwa mtoto wa chuo kwenye simu, nami nikalificha mfukoni.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikitaka uache mambo haya. Nilipenda ungesomea ualimu, au ungekaa na duka la shangazi yako, chochote kisicho na goti ndani yake. Kila ulipotaja seli shina nilisikia harufu ya marashi yale. Sasa sitaki uache. Wale hawakuwa wanafanya kazi unayokwenda kuifanya. Walikuwa wameiba maneno yake tu. Mama yako hakuuawa na utafiti. Aliuawa na watu waliouza jibu kabla halijapatikana, na mume aliyelinunua.

Kama nina haki ya kukuomba kitu cha kazi yako, ni hiki kimoja. Siku moja mtafika pahali pa kumjaribia mtu, mtu hai, na atakaa mbele yako na fomu. Nyuma yake atakuwa amesimama mtu kama mimi. Hatakuwa na uso wa mwongo. Atakuwa amembeba kutoka mbali, atajibu maswali kwa niaba yake, atasema, "Amekubali, daktari, tumeshazungumza." Mwombe atoke nje. Mpe chai, mpe gazeti, lakini atoke. Kisha mwulize yule mgonjwa peke yake, kwa lugha anayoiota: umeambiwa nini, na ni nani aliyekuambia? Mama yako, kama mtu mmoja tu angemwuliza hivyo, angesema, "Binti yangu amesema ni sawa," na pengine mtu huyo angechukua simu.

Magoti yangu pia yameanza, nadhani umeona ninavyoshuka kwenye lori. Miaka ya kukanyaga klachi. Ninakunywa dawa niliyopewa na ninafanya mazoezi yale yale ya mfuko wa mchele. Usiharakishe lolote kwa ajili yangu. Nasema kweli, na najua kwamba sentensi hiyo kutoka kwangu sasa haina uzito, lakini sina nyingine.

Sijui utanifanya nini baada ya kusoma hapa. Sitakuambia kwamba niliwapenda nyote wawili, kwa maana unalijua hilo, na ndilo nililolitumia. Ninachotaka ubaki nacho ni kidogo: hukumwambia mama yako ni sawa. Ulisema angoje. Ulisema kila kitu kilichopasa kusemwa, kwa sauti iliyotosha, kwa mtu uliyekuwa na haki ya kumwamini. Hapakuwa na kelele nyingine uliyopaswa kupiga. Maneno yako yalifika kwangu mazima. Yaliishia kwangu.

Barua hii nilikusudia kuitia katikati ya nguo zako, uikute huko mbali, mimi nikiwa salama upande huu wa dunia. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na nia hiyo. Lakini naona ni jambo lile lile tena, mimi kukuchagulia nini ukijue na lini, na kuita hiyo huruma. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi, kabla ya magharibi, ungali na baba wa kumfokea uso kwa uso.

Mjomba wako Yusuf nimemwomba awe tayari na gari lake asubuhi. Sikumwambia kwa nini. Ukitaka akupeleke yeye Nairobi, nitabaki hapa, na shangazi yako sitamruhusu akushurutishe. Ukitaka nikupeleke mimi, nitaendesha, na si lazima tuzungumze njiani. Ukitaka watu wote wajue, waambie, hata leo, hata Chechelesi yote. Neno hili sasa ni lako.

Nitakuwa uani, nimekaa. Ukiniita nitakuja. Usiponiita, nitajua kwamba umesoma mpaka mwisho, na kwamba hilo ndilo jibu lako.

Aabo wako,
Abdi